Mia Tatu Inatosha

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimesema uongo kwenye meza ya chai. Mdogo tu. Nauandika hapa ili nione kweli ni mdogo kiasi gani.

Nilikuwa soko la Zhongda tangu asubuhi na Mama Marlène wa Lubumbashi, mteja wangu wa vitambaa. Joto! Shati lilinata mgongoni kabla hatujafika ghorofa ya pili. Maduka mengi ni yale yale — unaingia, unasimama, mwenye duka haondoi macho kwenye simu. Unauliza, anakujibu "mei you", hakuna, na kitambaa unakiona kabisa nyuma ya kichwa chake. Halafu tukafika kwa Bosi Guan. Kwake ni tofauti. Mteja anachagua satini, binti wa dukani anampimia, na mimi naitwa mezani. Nakaa. Namiminiwa chai kwenye vile vikombe vyao vidogo kama vya kuchezea watoto. Nagonga meza kwa vidole viwili, ndivyo watu wa hapa wanavyoshukuru. Huu ni mwaka wangu wa tatu Guangzhou, na katika soko lote lile hiyo ndiyo meza pekee ambayo mkalimani anakalishwa. Kwingine kote nasimama.

Bosi Guan anapenda kuwinda. Nchi hii mtu wa kawaida hawi na bunduki yake hivi hivi, kwa hiyo yeye anapanda ndege kwenda kuwinda kwa watu. Mwaka juzi alikwenda New Zealand akaua elki. Picha ipo ukutani, juu ya majora ya hariri. Elki ni kama kulungu aliyelishwa akapitiliza, pembe zake kama matawi ya mti mkavu. Mwezi huu anakwenda Tanzania kuwinda pofu, yule swala mkubwa kushinda ng'ombe. Kambi aliyopangiwa iko upande wa Inyonga. Kwetu! Kambi ile ile anayofanyia kazi kaka yangu Sostenes. Nilipomwambia hivyo mwezi uliopita, alinishika bega akaniita xiongdi. Ndugu.

Leo marafiki zake wawili walikuwepo, wawindaji kama yeye. Wanabishana. Atumie risasi ipi kwa pofu? Bosi anataka 300, ile aliyomuulia elki. Wao wanasema pofu mmoja ni elki wawili, achukue 375, ile kubwa. Bosi anacheka lakini shingo imeanza kuwa nyekundu. Mara akanigeukia mimi. Kaka yako anawinda huko huko — anasemaje?

Kwanza, Sostenes hawindi. Ni mfuata nyayo. Anatangulia mbele ya mgeni anasoma ardhi, hashiki bunduki. Pili, sijawahi kumuuliza habari ya risasi tangu nizaliwe. Mimi mwenyewe nasomea ugavi. Ningesema sijui, yangeisha. Lakini wote watatu walikuwa wananitazama, na kikombe changu ndiyo kwanza kilikuwa kimejazwa.

Nikasema, "Kaka yangu anasema mia tatu inatosha."

Bosi akapiga meza kwa kiganja. Marafiki wakaacha ubishi. Nikaongezewa chai, nikagonga vidole. Ilikuwa tamu kweli.

Tulipotoka Mama Marlène akanisifu. "Weye uko sérieux, Lucas. Unasemaka tu yenye bosi amesema, hauongezake kitu." Nilitamani nijiviringishe ndani ya jora la kitambaa wanipakie kwenye kontena.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshinda nasoma habari za risasi badala ya tasnifu. Msimamizi wangu akijua atalia. Kuna watu huko duniani wanagombana juu ya risasi ya elki kuliko sisi tunavyogombana juu ya Simba na Yanga! Kurasa na kurasa. Huyu anatukana 300, yule anatetea, wote wazee wenye mifuko mingi kwenye makoti.

Nilichoelewa ni hiki. Namba ni unene wa risasi. Lakini unene peke yake si hoja, kuna na uzito wa kichwa chake. Kichwa chepesi kinakwenda mbio, kinapasuka mapema. Kizito kinapenya mpaka ndani. 300 inaweza kumuua pofu, wapo wanaosema — kiwe kichwa kizito, mnyama awe karibu, awe ametoa ubavu, na mpigaji awe anajua anachofanya. Waliobaki wote wanasema chukua 375, acha ubishi.

Kwa hiyo si uongo mzima. Ni nusu. Nilikuwa nikijiambia hivyo kwenye foleni ya kantini, nikijiambia tena nikiwa naosha sahani.

Jioni Bosi akanipigia. Alitaka kunishukuru kwa Jumamosi. Akanipa siri: mwaka jana alipasuliwa bega. 375 ina teke kubwa, anaiogopa. Marafiki zake hawajui, na hataki wajue. Na yule elki wa ukutani, akasema kwa kucheka kidogo, alikuwa ndani ya uzio, na alihitaji risasi tatu. Nimekwambia wewe tu, akasema, kwa sababu wewe ni ndugu.

Nikafurahi! Ndicho kinachonitia aibu sasa hivi ninapoandika. Mtu ananiambia hawezi kazi anayokwenda kuifanya, na mimi nafurahi kwa kuambiwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemtumia Sostenes ujumbe wa sauti. Nikasema shikamoo kaka, bosi wangu wa vitambaa anakuja kwenu, anauliza pofu apigwe kwa risasi ipi. Basi. Sikusema kwamba nimeshamjibu, tena kwa jina lake.

Amejibu mchana. Nyuma yake kuna ndege wanapiga kelele na mtu anagonga chuma. Marahaba Profesa — ndivyo anavyoniita tangu nipate hii skolashipu. Akasema habari ya risasi ni ya Geoffrey, mwindaji bingwa wao, yule anayeongoza wageni porini. Yeye Sostenes anajua kusoma ardhi tu. Nimuulize Geoffrey. Halafu akanipa habari yake: mwaka huu wamemweka mbele. Wafuata nyayo wako wanne, na sasa yeye ndiye wa kwanza, wengine wanamfuata. Alisema kwa sauti ya kawaida lakini namjua. Alikuwa amevimba kichwa.

Mwisho akauliza, huyo bosi ni mtu mzuri kwako? Anakusaidia? Basi akija tutamtunza.

Nimesikiliza hiyo "tutamtunza" mara kadhaa.

Jumapili, 10 Agosti

Bosi alinialika kwenye chai ya asubuhi na familia yake. Meza ya duara, vikapu vya mianzi vinafuka mvuke, bibi yake mzaa mama ananichagulia vipande kwa vijiti vyake mwenyewe. Heshima kubwa. Na hadithi imeshakua! Sostenes sasa ni mwindaji mkubwa wa Afrika Mashariki. Bosi aliisimulia kwa mikono yote miwili.

Mjomba wake akaniuliza ni kweli? Nikasema ni kweli. Ningeishia hapo, lakini hapana. Nikaongeza kwamba kaka yangu alishawahi kumwangusha pofu kwa 300, risasi moja.

Sostenes! Ambaye kuku wa Krismasi anachinjiwa na jirani kwa sababu hawezi kuangalia!

Bibi akaniwekea kitafunwa kingine. Sina wa kumlaumu, hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimeshiba sifa nikataka na nyingine.

Jumatano, 13 Agosti

Uongo wa leo si mdogo. Siwezi kuupunguza hata nikiuandika kwa herufi ndogo.

Bosi alipanga kuongea na kambi kwa video. Ofisini kwake, nyuma ya duka. Marafiki wale wawili walikuwepo, aliwaita makusudi waje wasikie wenyewe. Simu ikaegemezwa kwenye birika la chai. Geoffrey akatokea: kofia imechakaa, ndevu zina mvi, turubai nyuma yake. Kabla ya chochote akauliza, "Wewe ndiye mdogo wake Sostenes? Basi niko na mtu wa nyumbani."

Nikasema ndiye mimi, mzee.

Akaeleza. Kwa pofu yeye humpa mgeni 375, ipo kambini, anamwazima. Nikamtafsiria Bosi. Bosi akatikisa kichwa, akasema anataka 300, na risasi za kichwa chepesi kama zile za elki. Nikamtafsiria Geoffrey. Akafikiri. Akasema inawezekana, kuna wageni amewaruhusu, ila wale walikuwa watu wa kazi. Huyu ameshaua wanyama wakubwa wangapi? Kwa umbali gani? Ana tatizo lolote la mwili?

Nikamuuliza Bosi. Akawatazama marafiki zake, akanitazama mimi. Akasema, "Mwambie unavyojua."

Ninavyojua! Najua uzio. Najua risasi tatu. Najua bega. Na mezani pale hapakuwa na hata mmoja anayejua Kiswahili. Ningeweza kumwambia Geoffrey yote, polepole, huku natabasamu, na wale wangedhani natoa salamu. Geoffrey angesema hapana, 375 au hakuna. Bosi angeaibika mbele ya wenzake. Mimi ningeonekana mtu wa hovyo ambaye kaka yake hajui lolote. Ndiyo hesabu niliyoipiga, na niliipiga haraka sana.

Nikamwambia Geoffrey kwamba Bosi ameua wengi. Mzoefu. Mzima wa afya.

Akasema, "Kama ni wewe unayesema, na wewe ni wa Sostenes, nakubali. Lakini mwambie mambo mawili. Asipige kama pofu yuko zaidi ya mita mia. Na asimpige pofu anayeondoka, amngoje atoe ubavu. Kwa hiyo risasi, akikosea hapo tutafuata damu mpaka tuchoke."

Nikamgeukia Bosi. Kumwambia hayo mbele ya marafiki ilikuwa kama kumfundisha mtoto wa shule. Nikasema kwa Kichina: amekubali, anasema 300 ni sawa kabisa, anasema ameona wewe ni mtu mzoefu. Marafiki wakapiga makofi. Mmoja akamwomba Bosi radhi.

Geoffrey akauliza umemwambia yale mawili?

Nimemwambia, nikasema.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijaenda darasani. Kichwa kinauma. Hakiumi. Naona aibu tu.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya misa nilimsindikiza rafiki yangu Imelda kwenda soko la nguo la Zhanqian kuchukua nguo za watoto za duka lake la Kariakoo. Tulifunga mabunda, tukakaa juu yake kupumzika, wasukuma mikokoteni wanapita wanatupigia kelele tusogeze miguu. Nikamwambia. Sikupanga. Nilianza kama kichekesho — kaka yangu mwindaji mkubwa! — nikategemea acheke.

Hakucheka. Akaniuliza nani anatembea mbele, mgeni au Sostenes? Nikasema Sostenes. Na mnyama akijeruhiwa nani anamfuata vichakani? Nikasema Sostenes.

Imelda akafunga kamba ya bunda polepole. "Hivi wewe unatafsiri au unapulizia manukato?"

Nikasema Bosi bado yupo hapa, kuna muda. Akasema basi mpigie Geoffrey kabla huyo mtu hajafika porini. Si kuandika, kupiga. Nikasema kesho. Akaniangalia vile anavyowaangalia wenye maduka wanapomtajia bei ya kwanza.

Jumanne, 19 Agosti

Sijapiga. Mtandao.

Mtandao ulikuwa mzima.

Jumanne, 26 Agosti

Bosi ameondoka leo. Asubuhi niliamua. Nilimpigia Geoffrey kwa WhatsApp, haikuita. Nikaandika. Niliandika vizuri, bila kujipaka rangi: mzee samahani, nilikosea, mgeni ameua elki mmoja tu ndani ya uzio, bega lake ni bovu, yale mawili sikumwambia, Sostenes hakusema lolote. Nikatuma. Tiki moja. Huenda alikuwa njiani, nje ya mtandao. Nilijisikia mwepesi! Nilishuka chini nikanunua tikiti maji.

Adhuhuri Bosi akanitumia picha akiwa uwanja wa ndege. Amevaa kofia ya porini mpya, inang'aa, na kwenye ukingo wake ameandikisha kwa uzi majina mawili, la kwake na la kwangu. Ameniandikia: xiongdi, nakupeleka nyumbani.

Nikarudi kwenye ujumbe wa Geoffrey. Bado tiki moja.

Nikaufuta. Futa kwa wote.

Nilijiambia Geoffrey ana macho, atamwona mwenyewe jinsi anavyoshika bunduki. Nilijiambia mengi. Tikiti nimelitupa, sikuweza kulila.

Jumapili, 31 Agosti

Picha kutoka kambini! Bosi amepiga swala pala. Kwa 300, risasi moja, hapo hapo. Amepiga goti kando yake, na nyuma anaonekana Sostenes, ameshika fimbo yake, anatazama pembeni kama kawaida yake akipigwa picha. Amekonda. Amependeza lakini.

Nimepumua. Nimemtumia Imelda ile picha. Amejibu: pala na pofu ni kitu kimoja?

Jumanne, 2 Septemba

Saa saba mchana ya hapa. Bosi kaandika: nimempiga pofu.

Nikajibu kwa furaha yote, na vikatuni vya kupiga makofi.

Hajajibu.

Jioni. Bado hajajibu. Nimemwandikia Sostenes, tiki moja.

Jumatano, 3 Septemba

Nitaandika yote kwa mpangilio, vinginevyo nitaanza kuyaremba.

Saa nane mchana Bosi akanipigia. Kwao ilikuwa asubuhi, saa tatu. Nilikuwa kwenye kibaraza cha bweni naanua nguo. Aliweka simu mezani, sauti wazi, kwenye turubai la kulia chakula. Nikasikia vikombe. Nikasikia mtu anakohoa, nikajua ni kaka yangu.

Geoffrey alieleza kwanza. Jana asubuhi walimkuta pofu dume na kundi lake. Mbali. Geoffrey akaanza kusimika miti ya kuegemezea bunduki, akamwonyesha Bosi kwa mkono: subiri. Pofu akageuka kuondoka. Bosi akapiga. Risasi imeingia nyuma, tumboni, haikufika popote. Wakafuata damu mchana kutwa, Sostenes mbele, kwenye vichaka ambavyo mtu haoni hatua tano mbele. Giza likawakuta. Leo alfajiri wamerudi, nyayo zimeingia kwenye miamba, zimechanganyika na za kundi. Mnyama yuko huko na risasi tumboni. Na kwa kampuni yao, uliyemjeruhi ni wako, huruhusiwi mwingine.

Nikamtafsiria Bosi. Akalipuka. Akasema hakuna aliyemwambia asipige mbali! Hakuna aliyemwambia asipige anayeondoka! Na kuhusu risasi, hakujichagulia mwenyewe, ni mfuata nyayo wa kambi yao wenyewe aliyesema 300 inatosha. Mashahidi anao, wako Guangzhou.

Nimeshika shati lililolowa mkononi, maji yananidondokea miguuni.

Geoffrey akasema, "Lucas, anasemaje?"

Nikasema analalamika hakuambiwa umbali. Nikakwama. Geoffrey akasema endelea. Nikaendelea. "Anasema... anasema Sostenes ndiye aliyesema mia tatu inatosha."

Nilisikia wale ndege. Wale wale waliokuwemo kwenye ujumbe wa sauti.

Geoffrey akauliza, lakini hakuniuliza mimi, "Sostenes. Ulisema hivyo?"

Nafasi ilikuwepo. Nataka niiandike hii vizuri. Sostenes hakujibu mara moja. Ilikuwepo nafasi ya kutosha ya mtu kusema "mzee, hapana, ni mimi". Maneno ni machache na yote nayajua. Nilifungua mdomo. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe kwenye simu.

"Nilisema," kaka akajibu. "Aliniuliza, nikamwambia inatosha. Kosa ni langu, mzee."

Geoffrey akaniuliza na yale mawili, Lucas, nilikuuliza ukasema umemwambia?

Hata kabla sijavuta hewa, Sostenes tena. "Kama alisema amemwambia, amemwambia. Lucas hadanganyi."

Anajua. Alijua tangu aliposikia jina lake. Yeye aliniambia nimuulize Geoffrey, hakuna mwingine anayejua hilo vizuri kuliko yeye. Hilo "hadanganyi" alilisema pole pole, kama anavyoongea na mgonjwa.

Bosi akawa anauliza wanasemaje, wanasemaje? Nikamtafsiria. Mfuata nyayo anasema aliulizwa, akajibu inatosha, kosa ni lake. Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza. Tangu nianze kazi hii na Bosi Guan, leo ndiyo mara ya kwanza.

Bosi akatulia. Akasema basi, wameelewana.

Geoffrey akasema Sostenes leo asitoke, abaki kambini. Maulid, mfuata nyayo mwenzake, atatangulia kumtafuta pofu. Kesho saa hizi hizi ofisi ya kampuni kutoka Arusha itakuwa kwenye simu, waamue juu ya mgeni na juu ya Sostenes. Akaniomba niwepo nitafsiri. Sauti yake ilikuwa ya upole, alinishukuru. Alinishukuru!

Nimekaa kibarazani mpaka nguo zikakauka zenyewe.

Imelda nimemwambia. Hakunitukana, ndiyo mbaya zaidi. Ameuliza kesho utasemaje. Nimejaribu hapa chumbani. Kwa Kichina inatoka: nilidanganya mimi, kaka yangu hahusiki. Inatoka safi kama zoezi la darasani. Kwa Kiswahili nafika kwenye "kaka" nasimama.

Bosi ameandika. Anasema kesho nikae dukani kwake, mtandao ni mzuri pale, wale marafiki zake wawili watakuja pia wawe mashahidi. Ameshamwambia binti wa dukani aniandalie chai.

Na ujumbe wa sauti wa Sostenes, wa saa ile ile baada ya simu. Anaongea chini, nadhani nyuma ya jiko la kambi. "Profesa. Kesho wewe tafsiri tu nitakavyosema. Usiongeze kitu. Mimi wakiniondoa nitarudi kulima tumbaku, wewe una shule. Umekula?"

Nimeandika: ndiyo kaka. Nikafuta. Nimeandika: kaka, kesho nianze mimi kuongea. Ipo hapo kwenye kioo, sijaituma.

Kaka ameuliza tena kama nimekula.